Nyumba kubwa ya urithi Mkomani, Lamu: tuiuze nzima, au mmoja wetu awanunue wenziwe?

Binti wa Mkomani

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa mirathi, wa ujenzi na wa sheria, kwa jambo linalotuhusu ndugu watano na nyumba ya wazazi wetu iliyoko mtaa wa Mkomani, Lamu mjini.

Baba alifariki kwanza, akamwacha mama, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na mama naye akafuata baadaye. Babu na bibi wa pande zote mbili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Mirathi haijafunguliwa mpaka leo, na hati ya nyumba ingali kwa jina la baba. Hakuna deni tunalolijua wala wasia.

Nyumba ni ya mawe na chokaa, ya aina ile ya kale. Unaingia kwa daka (kipenu cha mlangoni) lenye mabaraza mawili, unapita tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), ndipo unapotokea kiwandani, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu, na kutoka hapo misana miwili, vyumba virefu vyembamba, inafuatana kuelekea ndani mpaka nyumba kati, chumba cha ndani kabisa. Ukuta wa ndani una zidaka, yaani vishubaka vya nakshi, kutoka chini hadi karibu na dari, ingawa safu mbili za chini zimeanza kumong'onyoka. Juu kuna vyumba vinne, sabule ya wageni yenye ngazi yake, jiko, na upenu wa makuti wa kuanikia na kupunga upepo. Kuna kisima cha maji, na kuna wikio, yaani chumba cha juu kinachovuka kichochoro hadi kwenye nyumba ya shangazi. Kwa jamaa wenye watoto wengi, nafasi kama hiyo ndani ya mji wa kale si rahisi kuipata.

Dada yetu mkubwa anaishi humo na wanawe na hataki kuondoka. Kaka zetu wawili wako Mombasa na wanataka iuzwe, nami siwalaumu, kwa kuwa wana watoto wa kusomesha. Dalali amemleta mnunuzi asiye raia wa Kenya, anayetaka kuifanya nyumba ya wageni, naye yuko tayari kutoa malipo ya kwanza iwapo mmoja wetu tu atasaini. Kaka mkubwa amependekeza tuipige plasta ya saruji kuta zote za chini ili nyumba ionekane mpya kabla ya kukaguliwa. Dalali huyo huyo anasema yuko mtu mwingine anayeutaka mlango wa nakshi peke yake, kwa bei nzuri.

Ninaomba kujua kama inafaa kupokea fedha hizo sasa, dada ana haki gani, na kama kuna faida ya kuitengeneza nyumba kabla ya kuiuza.

Mzee wa Langoni

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mungu awarehemu wazee wako. Asisaini mtu yeyote, wala shilingi ya mnunuzi isipokewe, mpaka mirathi ifunguliwe. Nyumba hiyo ni ya warithi wote kwa pamoja, na ndugu mmoja hana mamlaka ya kuuza kisichokuwa chake peke yake, hata akiwa ndiye mkubwa na hata akiwa na nia njema. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake, na mahakama hiyo ipo hapo hapo Lamu. Nendeni nyote, na asiyeweza kufika ampe mwenzake wakala wa maandishi. Chukueni vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili, hati ya nyumba, vitambulisho vyenu, na mashahidi wanaoujua ukoo wenu.

Kuhusu mafungu, hesabu yenu imeangukia vizuri. Baba alipofariki, mama alistahili thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu alikuwa na watoto. Thumuni saba zilizobaki ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, na wana wawili pamoja na mabinti watatu hufanya mafungu saba kamili. Basi kila kaka alipata thumuni mbili, na kila binti thumuni moja sawa na mama. Mama alipofariki, thumuni yake ikagawanyika tena kwa watoto wale wale kwa mizani ile ile. Mwisho wake nyumba ina mafungu saba: kaka zako mawili mawili, ninyi mabinti moja moja. Tuseme, kwa mfano tu, iuzwe shilingi milioni 14 baada ya gharama zote: kila kaka atachukua milioni 4 na kila binti milioni 2. Hesabu hii inasimama kwa sababu umetueleza kwamba babu na bibi walikuwa wameshafariki. Laiti mama mzazi wa baba yako angekuwa hai siku ile, angechukua sudusi, yaani moja ya sita, na fungu hilo leo lingekuwa mikononi mwa warithi wake, wakiwemo ami na shangazi zenu. Ndiyo sababu kadhi huuliza sana tarehe za vifo, na watu wakadhani anawachelewesha.

Sasa nataka utueleze habari za hilo wikio. Desturi ya wenye nyumba za mawe mjini kwetu ilikuwa baba kumjengea au kumpa binti yake nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Nyumba za jamaa zikaunganishwa kwa juu ili wanawake wapate kutembeleana bila kushuka njiani. Wikio baina ya nyumba ya baba yako na nyumba ya shangazi yako linanifanya nidhani kwamba zote mbili zilitoka kwa babu. Je, mirathi ya babu iligawanywa? Na hicho chumba kilicho juu ya kichochoro anakitumia nani? Nimewaona jamaa wengi wakikubaliana vizuri kuhusu nyumba nzima, kisha wakaja kutengana kwa chumba kimoja ambacho hakuna aliyekiuliza mapema.

Ama dada yako, kuishi humo hakumwongezei fungu wala hakumpunguzii. Lakini yeye ni mshirika, na mshirika ana haki ya shufaa: ndugu mmoja akiliuza fungu lake kwa mtu wa nje, mwenye fungu ndani ya nyumba anaweza kudai kulichukua kwa bei ile ile. Kwa madhehebu yetu ya Shafii haki hiyo ni ya mshirika, si ya jirani, na kadhi atawaeleza masharti yake. Iko pia njia ya takharuji, yaani mrithi anakubali kwa hiari kutoka katika mirathi kwa kupewa kitu kinachojulikana, ambacho chaweza kuwa fedha, kiwanja au shamba. Kama baba aliacha minazi bara au kiwanja mahali pengine, kaka wanaweza kukichukua hicho na kumwachia dada nyumba. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kumkaribisha mgeni yeyote.

Fundi wa Chokaa

Ndugu zangu, nawasihi msiipige nyumba hiyo saruji. Ninaishi kwa kazi hii na sehemu kubwa ya ninayoyatengeneza ni madhara ya saruji iliyopakwa na watu waliotaka kuisaidia nyumba.

Jiwe la matumbawe lina vitundu tele, nalo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka katika hewa ya bahari. Chokaa nayo hupitisha unyevu, kwa hiyo maji yanayoingia ukutani hupata njia ya kutoka, na ukuta hukauka kila pepo zikivuma. Saruji huufungia unyevu huo ndani. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi hujikusanya nyuma ya plasta. Kwanza utaona weupe kama unga, kisha plasta inavimba, kisha inabanduka vipande vipande ikiwa imeng'oa na chokaa ya kale iliyokuwa nzima. Lililo baya kuliko yote halionekani: vichwa vya boriti vilivyopachikwa ndani ya ukuta hukaa katika unyevu huo mwaka mzima na kuoza, na mwenye nyumba hajui mpaka dari inapoinama.

Binti wa Mkomani amesema zidaka zilizoharibika ni safu mbili za chini. Hapo ningeshuku unyevu unaopanda kutoka chini, na ningeuliza kama sakafu ya msana au ya kiwanda iliwahi kumwagwa saruji, au kama kuna bomba linalovuja karibu na msingi. Tafuteni chanzo kabla ya kugusa nakshi. Zidaka ni kazi ya plasta iliyochongwa kwa mkono, na kila kidaka kimepimwa kulingana na jirani yake. Fundi asiyeijua kazi hiyo akijaza mapengo kwa mchanganyiko wa saruji, mtakuwa mmelipa kuharibu kitu ambacho mnunuzi mwenye jicho angekitolea fedha.

Mkitaka kujua hali ya nyumba kabla ya kuzungumza bei, ikagueni boriti moja moja pale inapoingia ukutani, kwa sababu ni mara chache kuoza kuanzia katikati. Igongeni kwa mpini wa nyundo: boriti nzima hutoa sauti kavu na kali, iliyoliwa hutoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Kisha ichomeni kidogo kwa bisibisi kando ya ukuta. Ncha ikizama bila kushindana na mti, hiyo imekwisha, hata kama katikati inaonekana imara na imepakwa rangi vizuri. Tazameni sakafuni chini yake kama kuna unga laini, na ukutani kama kuna njia za udongo za mchwa. Andikeni chumba kwa chumba ni boriti ngapi za kubadilishwa. Karatasi hiyo itakuwa na maana zaidi katika mazungumzo ya bei kuliko maneno ya dalali, na itawasaidia vile vile iwapo dada ndiye atakayenunua, maana gharama hizo lazima ziondolewe katika thamani ili asiwalipe wenziwe bei ya nyumba isiyo na kasoro kisha aje kuitengeneza peke yake.

Boriti hubadilishwa moja baada ya nyingine, dari ikiwa imetegemezwa, na ziwe boriti za mkoko zilizokatwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko katika kaunti yetu, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuingia na shoka. Urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa vyumba vyenu, usiozidi mita 3 hivi, na ndiyo maana misana ni mirefu na myembamba. Anayewaambia kwamba ataubomoa ukuta wa kati ili apate ukumbi mpana hajui ni nini kinachoibeba ghorofa ya juu. Kuta hizo zina unene wa karibu nusu mita kwa sababu zinafanya kazi.

Kabla ya kuuza, fanyeni moja tu: zuieni maji. Ezekeni upya makuti yanayovuja, safisheni mifereji ya dari, zibeni kwa chokaa nyufa zilizo juu ya kuta. Mengine yaacheni kama yalivyo, yaonekane.

Na kumbukeni kwamba hata kazi ndogo ina utaratibu wake. Mji wa kale wa Lamu umehifadhiwa kisheria tangu 1986, na UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ukitaka kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadili mlango na madirisha ya mbele, pitia kwanza kwa maafisa wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walioko hapo mjini, pamoja na serikali ya kaunti. Halafu hesabuni uchukuzi. Gari halipiti katika vichochoro vya Mkomani, basi kila mfuko wa chokaa na kila boriti huja kwa chombo mpaka gatini, kisha kwa punda au kwa mabega ya mahamali hadi mlangoni. Wageni wengi husahau gharama hiyo wanapopanga matengenezo.

Wakili wa Pwani

Dada, nakubaliana na Mzee kuhusu kutosaini, na naongeza sababu ya kisheria. Sheria ya Urithi ya Kenya inakataza kuuza ardhi au nyumba ya marehemu kabla mamlaka ya usimamizi wa mirathi hayajathibitishwa na mahakama, na kuishughulikia mali ya marehemu bila mamlaka hayo ni kosa. Mafungu ya Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu, lakini utaratibu huu wa usimamizi unabaki. Anayewashawishi mmoja wenu asaini leo anawaingiza katika mkataba ambao hamtaweza kuutimiza, na mnunuzi akija kudai fedha zake atamdai aliyesaini.

Mkimaliza kwa kadhi, chunguzeni hati katika masjala ya ardhi. Hati nyingi za kale za ukanda wa Pwani ziliandikishwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, na huenda kumbukumbu za nyumba yenu mkazikuta Mombasa. Hakikisheni kwamba nyumba haikuwekwa rehani wala haina zuio. Hakikisheni pia kwamba haikuwahi kuwekwa wakfu, kwa sababu mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na katika miji yetu ya kale wakfu ni jambo la kawaida. Kisha jina la baba litaondolewa na majina ya warithi yataingia kwa mafungu yao, au nyumba itahamishiwa kwa yule atakayeichukua kwa makubaliano yaliyothibitishwa na mahakama.

Mnunuzi wenu si raia. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema kwamba asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa muda wa upangaji tu, usiozidi miaka 99. Hata hati ikiwa ya milki kamili, yeye hatapata zaidi ya hiyo 99. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba nyumba itaandikwa kwa jina la kampuni na mambo yataisha. Simaanishi kwamba mgeni hawezi kununua kwa haki. Wapo walionunua Lamu na Shela kwa utaratibu na wakazitunza nyumba kwa heshima kubwa. Ninachosema ni kwamba mjue mnauza nini na yeye ajue ananunua nini.

Kwa upande wa gharama, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo ndani ya manispaa na asilimia 2 kwa iliyo nje, baada ya mthamini wa serikali kuipitisha thamani hiyo. Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Kuhamisha nyumba kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi wake kuna msamaha, lakini mkiuza kwa mtu mwingine msihesabu kwamba mna msamaha kabla ya kuuliza, kwa hiyo msigawane kwa mdomo fedha ambazo sehemu yake ni ya serikali. Malipo ya kwanza kwa desturi ni asilimia 10, nayo yashikwe na mawakili mpaka uhamisho ukamilike, yasiingie mfukoni mwa dalali. Ujira wake dalali nao uandikwe mapema, pamoja na nani anaulipa.

Suala la mlango lina uzito wake. Mlango wa nakshi ni sehemu ya nyumba iliyohifadhiwa, na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inasimamia vitu vya aina hiyo, ikiwa ni pamoja na kuvitoa nje ya nchi. Msiung'oe. Ukiacha sheria, fikirini bei: anayelipa vizuri kwa mlango peke yake anawaondolea kitu ambacho mnunuzi wa nyumba angekitazama kabla hajaingia ndani. Vitu vinavyohamishika, kama samadari, viti vya enzi, makasha na sahani za kichina, viandikweni katika orodha ya mirathi, kwa kuwa navyo ni mali ya marehemu na vina mafungu yale yale saba.

Mkaazi wa Mkomani

Nimesoma yote na naomba nitofautiane kidogo na Mzee wangu wa Langoni, kwa heshima. Kumwachia dada nyumba ni jambo zuri iwapo ataweza kuitunza. Nyumba ya mawe inadai chokaa, makuti na boriti kila mara, na mwenye fungu moja kati ya saba, asiye na kipato cha kutosha, anaweza kupewa nyumba kwa mapenzi kisha ikamwangukia kwa umaskini. Zipo kuta zilizobomoka hapa mtaani ambazo wenyewe hawakutaka kuuza wala hawakuweza kutengeneza, na warithi wakaendelea kuongezeka mpaka ikawa hakuna awezaye kuwakusanya wote. Ndugu watano bado mnaweza kukaa mkeka mmoja. Wajukuu wenu hawataweza.

Mimi nilinunua nyumba ya aina hiyo kutoka kwa warithi waliokuwa wamemaliza mirathi yao, na ninaishi humo na familia yangu. Ninachoweza kuwaambia wanaotafuta nyumba, na wanaouza pia, ni kwamba mpango wa nyumba hizi umefikiriwa kwa ajili ya jamaa. Misana inaelekea kaskazini, upande wa kibla, kwa hiyo jua kali haliingii moja kwa moja na unasali ukielekea upande ule ule nyumba ilikoelekea. Kila ukiingia ndani zaidi sakafu inapanda kidogo, na kila hatua ni ya watu wa karibu zaidi: mpita njia hukaa barazani, mgeni wa kiume hupandishwa sabule kwa ngazi yake bila kupita kwa wanawake, jamaa huingia msanani, na nyumba kati ni mahali pa mambo mazito, ndipo palipozaliwa watoto na ndipo palipooshewa maiti. Mchana wa kaskazi, nje kukiwa hakukaliki, watoto hulala msanani bila feni. Katika birika la maji la chooni hufugwa visamaki vidogo vipate kula viluwiluwi vya mbu. Anayeitaka nyumba kwa kuikaa atalipia mambo haya akielezwa, na tangazo la dalali haliyataji hata moja. Linataja idadi ya vyumba tu.

Kwa hiyo, kabla ya kumjibu huyo mgeni, itangazeni kwa Waamu wenyewe, walioko hapa, Mombasa na Ughaibuni. Wengi wanatafuta nyumba ya kurudia. Huenda bei ikawa pungufu kidogo kuliko ya mwenye nyumba ya wageni, lakini jirani zenu hawatafunguliwa meza za chakula juu ya dari zinazotazama viwanda vyao. Wanawake wa nyumba za jirani wanakaa viwandani mwao bila kujitanda kwa sababu hakuna jicho linalowaona kutoka juu, na hilo ni haki yao ya miaka mingi. Mkiuza kwa yeyote, andikeni katika mkataba kwamba hapatajengwa kitu cha kutazama kiwanda cha jirani. Na kama mna mashaka na bei, kuna njia ya kati: ghorofa ya juu ipangishwe kwa mwaka kwa jamaa wa heshima, kodi iezeke makuti na ilipe boriti, na dada abaki chini wakati mirathi inaendelea.

Binti wa Mkomani

Nawashukuru wote kwa dhati. Nimewasomea kaka zangu majibu haya kwa simu. Wamekubali kwamba saruji isitiwe na mlango usiguswe, na kaka mdogo amesema ataja Lamu ili twende kwa kadhi pamoja. Dalali ameambiwa asubiri.

Mzee, nimemwendea shangazi kama ulivyoniagiza. Ni kweli nyumba zote mbili zilikuwa za babu. Anasema babu alimpa yake alipoolewa, mbele ya wazee wa mtaa, na baba akapewa hii akiwa tayari anaishi humo na mama, kisha babu mwenyewe akahamia kwa mke mwingine huko Shela mpaka alipofariki. Hakuna karatasi, isipokuwa hii hati ya baba iliyotoka baadaye. Chumba cha wikio anakitumia yeye kuwekea vyombo, na mlango wake wa upande wetu umefungwa kwa komeo tangu tulipokuwa wadogo. Anasema ni chake. Kaka mkubwa anasema ni chetu kwa sababu boriti zake zimepachikwa katika ukuta wetu.

Mzee wa Langoni

Mwanangu, umefanya vyema kumwendea mwenyewe. Aliyoyasema shangazi ni hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, na hiba hutimia kwa kupokea: aliyepewa akiikabidhiwa nyumba na akaishi humo kama mwenyewe katika uhai wa mtoaji, haihesabiwi tena katika mirathi ya mtoaji. Ikithibitika hivyo kwa nyumba zote mbili, shangazi hana fungu katika yenu wala ninyi katika yake. Lakini umetaja mke mwingine wa Shela. Ulizeni kama alizaa na babu. Wakiwepo watoto wake, wao nao waitwe wasikie na wakiri, kwa sababu hiba isiyo na karatasi hutegemea mashahidi, na wazee waliokuwepo wanapungua. Mchukueni shangazi mbele ya kadhi akiwa na afya na akili zake timamu, aseme maneno hayo, yaandikwe na yatiwe saini. Msingoje mpaka mnunuzi apatikane.

Kuhusu chumba cha wikio, boriti kupachikwa katika ukuta wenu hakuwapi chumba. Jirani anaweza kuwa na haki ya kuegemeza boriti zake katika ukuta wa mwenziwe, na miji yetu imejengwa hivyo. Kinachotazamwa ni nani amekikalia na ni nani aliyepewa. Mwambie kaka yako kwamba chumba kimoja chenye vyungu vya shangazi hakina thamani ya kumpeleka mahakamani dada wa baba yake.

Wakili wa Pwani

Mkikubaliana kwamba wikio ni la shangazi, liandikeni katika makubaliano ya mirathi. Mpima ardhi aeleze bayana mpaka wa nyumba yenu ulipoishia ghorofani, maana ramani nyingi huonyesha uwanja wa chini tu na hazisemi lolote kuhusu chumba kilicho juu ya njia. Mlango wenye komeo uzibwe kwa mawe na chokaa kwa idhini ya pande zote mbili, na haki ya shangazi ya kuegemeza boriti ukutani itajwe kwa maandishi ili imfunge kila atakayeimiliki nyumba baada yenu, awe ni dada yenu au mtu mwingine. Gharama za mpima ardhi zitoke katika mirathi kabla ya kugawana.

Fundi wa Chokaa

Mkiuziba mlango huo, nitafuteni mimi au fundi mwingine wa chokaa, na kwanza mzikague boriti za wikio kwa pande zote mbili. Chumba cha juu ya njia hupigwa na mvua kwa chini na kwa ubavuni, na komeo la miaka mingi lina maana kwamba hakuna aliyezitazama kwa upande wenu.